Namna ya Kutuliza Tani 280 za Kimiminika



Ukisimama Malaba au hapa Busia mchana wowote utaona malori ya mafuta yamepanga foleni kuelekea Uganda. Mengi yamepakia Eldoret au Kisumu, kwenye maghala ya bomba linalotoka Mombasa. Lori la Eldoret limejazwa katika baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na likifika mpakani jua limekwisha kulichoma. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja ya elfu kwa kila digrii moja ya joto. Tangi la lita 35,000 likipata digrii 10 zaidi, mafuta yake yatadai nafasi ya zaidi ya lita 300 nyingine, na hakuna mtu aliyeongeza hata tone. Madereva wanalijua hili vizuri kuliko wengi wetu wenye vitabu.

Nimeanza na malori kwa sababu somo la leo linahusu kimiminika ambacho ni ndugu wa petroli hiyo. Kinaitwa sudokumini. Hutolewa katika mafuta ghafi, na kiasi kidogo chake kimo ndani ya petroli ya kawaida. Huko Italia, ndani ya mlima wa Gran Sasso, chini ya mita 1,400 za mwamba, wanafizikia waliweka tani 280 hivi za kimiminika hicho kwenye chombo kiitwacho Borexino, wakakusanya data kuanzia 2007 hadi 2021. Kazi ngumu kuliko zote ikawa kukifanya kimiminika hicho kisisogee. Namna walivyofanya ni somo zuri kwa yeyote kati yetu anayesoma uhandisi, fizikia au hata elimu ya ziwa, na hesabu zake si ngumu kama jina linavyotisha.

Kwanza, walitafuta nini? Jua huunganisha haidrojeni kuwa heliamu. Karibu asilimia 99 ya nishati yake hupatikana kwa protoni kuungana zenyewe kwa zenyewe. Asilimia moja hivi hupitia njia nyingine, ambayo kaboni, naitrojeni na oksijeni hufanya kazi ya kichocheo. Hans Bethe na Carl Friedrich von Weizsäcker waliieleza njia hii mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa nyota zilizo nzito kuliko Jua, hiyo ndiyo njia kuu. Lakini kwa miaka 80 hakuna aliyekuwa ameiona ikitendeka. Ushahidi pekee wa moja kwa moja ungekuwa nyutrino, chembe zinazotoka katikati ya Jua na kupita karibu kila kitu bila kugusana nacho. Kiasi cha bilioni 65 hupita katika kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako kila sekunde. Ukiamka usiku kuswali tahajjud zinapita pia, ila zinatokea chini ya miguu yako, kwa kuwa Jua wakati huo liko upande wa pili wa dunia.

Mara chache sana nyutrino moja hugonga elektroni ndani ya sudokumini, na kimiminika hutoa mmeko mdogo wa mwanga. Kilikuwa ndani ya puto la nailoni lenye unene wa milimita 0.125 na nusukipenyo cha mita 4.25. Puto hilo liliwekwa ndani ya tufe la chuma la mita 13.7, lenye macho ya umeme zaidi ya 2,000 yakitazama ndani. Nje ya tufe kulikuwa na tangi la maji safi. Nyutrino za njia ya kaboni zilitarajiwa kuonekana chache tu kwa siku katika kila tani 100. Kwa hiyo kila mmeko wa uongo ulikuwa hasara.

Na mmeko wa uongo ulikuwapo. Ndani ya kimiminika kulikuwa na mabaki kidogo mno ya risasi-210, ambayo ni nururifu na nusu yake huoza kwa miaka 22. Risasi hiyo huzaa bismathi-210, ambayo nusu yake huoza kwa siku 5, nayo bismathi huzaa poloniamu-210, ambayo nusu yake huoza kwa siku 138. Mmeko wa bismathi unafanana mno na mmeko wa nyutrino tunazozitafuta. Huwezi kuutenganisha kwa kuutazama. Mmeko wa poloniamu, kinyume chake, unatambulika kirahisi.

Hapo likazaliwa wazo zuri. Kila bismathi hatimaye huwa poloniamu. Basi hesabu poloniamu, utajua bismathi ni ngapi, kisha uziondoe kwenye hesabu. Ni kama kusimama mlangoni baada ya swala ya Ijumaa ukahesabu wanaotoka ili kujua idadi ya walioswali. Hesabu itakuwa sahihi mradi hakuna aliyeingia kwa dirishani.

Katika Borexino, waliingia kwa dirishani. Nailoni ya puto ilikuwa na poloniamu yake, ambayo ilibanduka ikachukuliwa na mikondo ya kimiminika hadi katikati. Hesabu ya poloniamu ikapanda na kushuka kufuatana na majira ya mwaka. Sababu ilikuwa joto.

Tuhesabu kidogo. Kutoka kwenye puto hadi katikati ni kama mita 4. Ikiwa chembe ya poloniamu itafika katikati ndani ya siku 138, kabla nusu yake haijaoza, inahitaji mwendo gani? Mita 4 kwa siku 138 ni sentimita 3 kwa siku. Konobono wa bustanini angeuona mwendo huo ni uzembe. Hata hivyo ulitosha kuharibu kipimo. Mikondo ilibidi iwe ya polepole zaidi ya hapo, kwa miezi na miaka.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe: kwa nini kimiminika husogea? Fikiria tangi jeusi la maji ya udhu lililo juu ya mnara wa msikiti. Jua la saa saba linalipiga paa lake na ubavu mmoja. Maji yakipata joto hutanuka, densiti yake hupungua, huelea juu ya yale ya baridi. Jambo hili wataalamu wa Kiislamu walikuwa wakilipima kwa mizani zamani sana. Al-Biruni alilinganisha uzito wa maji ya moto na ya baridi, na al-Khazini, aliyefanya kazi Merv, akalijadili katika Kitab Mizan al-Hikma alichokiandika mwaka 515 Hijria, sawa na 1121 Miladia. Tofauti ni ndogo. Maji ya digrii 25 hutanuka kwa sehemu 0.00026 tu kwa kila digrii. Lakini uvutano wa dunia hausahau hata sehemu hiyo.

Joto likitoka chini, maji mepesi yako chini ya mazito, na yanataka kupanda. Kinachoyazuia ni mambo mawili: mnato wa maji, na kasi ambayo joto husambaa lenyewe na kufuta tofauti. Lord Rayleigh aliyaweka mashindano hayo katika namba moja mwaka 1916:

Ra = (g × β × ΔT × L³) ÷ (ν × α)

Hapa g ni uvutano, β ni kutanuka, ΔT ni tofauti ya joto, L ni kina, ν ni mnato uliogawanywa kwa densiti, na α ni kasi ya joto kusambaa. Kwa tabaka la maji lililo kati ya bamba mbili na kupashwa chini, mikondo huanza Ra ikivuka 1,708. Chini ya hapo maji hutulia.

Weka namba za maji: g ni 9.8, β ni 0.00026, ν ni 0.0000009 na α ni 0.000000145, vyote kwa mita, sekunde na digrii. Kwa kina cha mita 1 na tofauti ya digrii 1, nilipata Ra ya karibu bilioni 20. Rudia mwenyewe kwa kikokotoo. Maana yake ni kwamba ukitaka tofauti hiyo ya digrii moja isizae mikondo, kina kisizidi milimita 4.4. Au ukiacha kina kiwe mita 1, tofauti ya joto isizidi sehemu moja ya milioni kumi ya digrii. Hakuna kiyoyozi duniani cha kufanya hivyo kwenye tangi la ukubwa wa nyumba.

Kwa hiyo kujaribu kulifanya joto liwe sawasawa kila mahali ni njia iliyofungwa. Wengi tungeanzia hapo: funga chumba, weka kidhibiti joto, omba Mungu. Borexino walikwenda njia nyingine, na ili kuielewa tuteremke kwanza ziwani.

Kutoka Busia ya Uganda ukielekea kusini unafika Majanji, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Miaka ya 1960 na 1961 mwanabiolojia Jack Talling alifuatilia joto la ziwa hili kwa kina, mwezi baada ya mwezi. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mwaka maji ya juu huwa na joto zaidi kuliko ya chini, na tofauti ya digrii moja au mbili tu hutosha kuyatenganisha. Maji mepesi yako juu, mazito yako chini, na hakuna anayetaka kuhama. Oksijeni ya juu haifiki chini. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapolipoza ziwa na kulikoroga, maji huchanganyika tena. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda ghafla, samaki hufa, na siku hizi samaki wa vizimba hawana pa kukimbilia.

Kile ambacho mfugaji wa samaki anakiogopa, kwamba maji yajipange kwa matabaka yasiyochanganyika, ndicho wanafizikia wa Gran Sasso walichokihitaji. Hawakuhitaji joto sawa. Walihitaji joto juu na baridi chini, daima, mwaka mzima.

Mlima uliwasaidia. Sakafu ya tangi imekaa juu ya mwamba wenye baridi ya karibu digrii 8, na hewa ya ukumbini juu ina joto zaidi ya hapo. Mwaka 2015 walilifunika tangi lote kwa sufu ya madini yenye unene wa sentimita 20, ili mabadiliko ya hewa yasiliguse. Chini pakabaki baridi kwa sababu ya mwamba. Juu ya kuba la tangi wakazungusha mabomba ya maji yenye joto linalodhibitiwa, ili kilele kisipoe majira ya baridi yanapofika. Baadaye, 2019, wakadhibiti pia hewa ya ukumbi wenyewe. Vipima joto zaidi ya 50 viliwekwa kwa urefu tofauti kuzunguka chombo. Kumbuka hawakumwaga wala kusafisha kimiminika. Walikivalisha koti.

Mbona basi walihitaji kompyuta? Kwa sababu kuna hila moja ambayo namba ya Rayleigh haiisemi. Kizingiti cha 1,708 ni cha joto linalotoka chini. Joto likija kwa ubavuni, hakuna kizingiti kabisa. Tofauti yoyote kati ya ubavu wa kushoto na wa kulia, hata iwe ndogo namna gani, huzaa mkondo. Matabaka huzuia mkondo huo usipande wala kushuka mbali, lakini hausimami. Huteleza kwa ulalo, kama karatasi katikati ya kitabu. Na mkondo wa ulalo ndio hasa unaoweza kubeba poloniamu kutoka kwenye puto hadi katikati.

Hakuna kipima mwendo unachoweza kutumbukiza ndani ya kimiminika safi kiasi hicho, kingekichafua. Kinachowezekana ni kupima joto la kuta, kuipa kompyuta joto hilo, na kuiacha ikokotoe mwendo wa ndani. Huo ndio uigaji, au simulesheni kama tunavyoiita darasani. Nafasi yote hukatwa vipande vidogo kama matofali. Katika kila kimoja kompyuta hudai mambo matatu: kimiminika hakipotei, nguvu na mwendo vinalingana, joto linahesabika. Densiti huchukuliwa kuwa haibadiliki, isipokuwa mahali pamoja, kwenye uzito unaosababisha kuelea. Urahisishaji huo unaitwa wa Boussinesq, na unafaa pale tofauti za joto zinapokuwa ndogo. David Bravo-Berguño na wenzake walichapisha uigaji wa Borexino mwaka 2018, na Valentino Di Marcello na wenzake wakafuatilia safari ya poloniamu yenyewe mwaka 2020.

Hapa pana mtego ambao napenda kila mwanafunzi wetu aujue kabla hajaamini picha za rangi kwenye skrini. Mkondo unaoutafuta ni wa sentimita chache kwa siku, au chini yake. Kompyuta nayo ina mikondo yake ya uongo, inayotokana na kukata nafasi vipande na kukadiria. Matofali yakiwa yamelala mshazari, kosa la ukadiriaji linaweza kusukuma kimiminika kuliko joto lenyewe. Picha itapendeza, na itakuwa picha ya kosa. Dawa ni kuanza na hali ambayo jibu lake ni sifuri: weka joto linalopanda sawasawa kutoka chini kwenda juu, kuta zote zilingane na kimiminika kwa kila kimo, kisha uache programu iendeshe. Hakuna kinachopaswa kusogea. Chochote kinachosogea ni kelele ya programu yako, na mkondo wowote wa kweli ulio mdogo kuliko kelele hiyo usiuseme mbele ya watu.

Uigaji pamoja na vipimo ulionyesha kwamba baada ya koti kuvalishwa, sehemu tulivu kuliko zote ilikuwa juu kidogo ya kitovu, eneo la tani 20 hivi ambalo poloniamu ya nailoni haikulifikia kwa wingi. Hapo ndipo walipohesabu. Na walivyolisema jibu lao napapenda sana. Hawakudai kwamba sasa wanajua bismathi ni kiasi gani. Walisema haizidi matukio 11.5 kwa siku kwa tani 100, kwa kuwa huenda bado kuna poloniamu kidogo iliyopenya. Kikomo cha juu kilitosha. Baada ya kuondoa hicho na vingine, yalibaki matukio karibu 7 kwa siku kwa tani 100 ambayo hayangeweza kuelezwa isipokuwa kwa nyutrino za kaboni, naitrojeni na oksijeni. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, Novemba 2020. Angalieni namba hizo mbili: uchafu 11.5, kitu chenyewe 7. Kabla ya kutuliza kimiminika, 7 hiyo isingeonekana.

Kazi haijaisha. Huko China, chombo kiitwacho JUNO kilianza kukusanya data Agosti 2025 kikiwa na tani 20,000 za kimiminika ndani ya tufe la mita 35.4. Kwa kuwa L katika namba ya Rayleigh ni kwa kipeo cha tatu, ukubwa huo peke yake, ukilinganishwa na puto la mita 8.5, huikuza Ra mara 72. Chombo cha DUNE kinachojengwa Marekani kitatumia agoni iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi ya digrii 186 chini ya sifuri, na Chuo Kikuu cha Antananarivo cha Madagaska kimo kati ya washirika wake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni ya wenzetu wa ng'ambo tu.

Wala huhitaji mlima. OpenFOAM ni programu ya bure, na kompyuta ya mkononi ya kawaida inaweza kuendesha tangi la pande mbili. Ndani yake kuna mfano uitwao hotRoom unaofaa kuanzia. Ukishaweza, pima programu yako kwa boksi la mraba lenye hewa, ukuta mmoja moto na mwingine baridi. Graham de Vahl Davis alichapisha majibu yake mwaka 1983 na hadi leo ndiyo mizani. Ra ikiwa 1,000, joto linalovuka ni mara 1.118 ya lile ambalo lingevuka hewa ikiwa imetulia. Ra ikiwa 1,000,000, ni mara 8.800. Programu yako isipokaribia namba hizo, usiipeleke ziwani wala Gran Sasso. Ndugu zetu wa Busitema wanaosoma uhandisi wa rasilimali za maji wana Majanji karibu, na wa Nagongera, Tororo, watakaokuwa walimu wa fizikia, wanaweza kufanya zoezi la kwanza hata kwa kikokotoo.

Zoezi lenyewe ni hili. Tangi la msikiti lina kina cha mita 1.5. Usiku paa lake linapoza maji ya juu yawe baridi kuliko ya chini kwa digrii 2. Tafuta Ra, kisha ueleze kwa nini maji ya alfajiri yana baridi sawasawa kutoka juu hadi chini ilhali ya alasiri hayako hivyo. Swali la pili ni kwa wanaopenda kuchokonoa: maji yaliyo kati ya digrii 0 na 4 husinyaa yanapopata joto. Ukipasha tangi la maji ya digrii 2 kutokea chini, yatasogea au yatatulia? Leteni majibu baada ya swala ya Ijumaa, tutayakagua pamoja in shaa Allah, na mwenye kompyuta aje nayo ikiwa imejaa chaji.